Barua ya wazi kwa Waganga Wafawidhi: mgonjwa wa kichwa asiachwe mpaka asubuhi

Kwenu Waganga Wafawidhi na Wauguzi Wafawidhi wa hospitali za wilaya na hospitali za rufaa za mikoa,

YAH: UANGALIZI WA SAA KWA SAA WA WAGONJWA WENYE SHINIKIZO NDANI YA FUVU

Nawaandikia nikiwa muuguzi katika wodi inayopokea majeruhi wa kichwa wanaoletwa kwa rufaa kutoka kwenu. Ombi langu ni moja. Kila mgonjwa aliyeumia kichwa, au ambaye ubongo wake umevimba kwa sababu nyingine yoyote, apimwe fahamu, mboni, pumzi, presha na mapigo kwa ratiba inayofuatwa kweli, usiku kama mchana. Na muuguzi anayempima awe na ruhusa ya maandishi ya kumwamsha daktari yeyote wa hospitali hiyo vipimo vinapobadilika. Siombi mashine wala jengo. Naomba muda wa muuguzi na mamlaka yake.

Wengi wa wagonjwa hawa ni vijana wa bodaboda na abiria wao. Wengine wameanguka kutoka kwenye miembe na minazi, wengine wamepigwa ugomvini. Wanafika hospitalini jioni, wanashonwa jeraha la ngozi, wanachomwa sindano ya pepopunda, kisha daktari anaandika walazwe kwa uangalizi. Agizo hilo nimelikuta karibu katika kila faili ninalopokea. Kinachonisumbua ni yale yanayofuata baada ya daktari kufunga faili na kwenda zake.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ubongo huchukua takribani asilimia 80 ya nafasi iliyomo, na inayobaki hugawanywa kati ya damu na maji ya ubongo. Alexander Monro wa Scotland alilieleza jambo hili mwaka 1783, George Kellie akaliendeleza mwaka 1824, na mpaka leo ndio msingi wa kazi yetu: kimoja kikiongezeka, kingine hakina budi kupungua. Daladala iliyojaa huendelea kupokea abiria kwa muda mrefu, watu wakisogea na kubanana, hadi inafika mahali ambapo abiria mmoja tu akiongezeka hakuna tena wa kusogea. Ndivyo inavyokuwa kwa damu inayovilia ndani ya fuvu. Mwanzoni maji ya ubongo hushuka kwenye uti wa mgongo, damu ya vena hutoka, na mgonjwa anaongea na wewe vizuri, anaulizia pikipiki yake iko wapi. Nafasi ikishaisha, mililita chache tu za damu hupandisha shinikizo kwa kasi. Kwa kawaida shinikizo hilo huwa kati ya milimita 5 na 15 za zebaki. Mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya ubongo wa mwaka 2016 unataka tiba ianze likizidi 22. Likiendelea kupanda, ubongo husukumwa chini kuelekea kwenye shina lake, na huko ndiko pumzi inakoamrishwa.

Kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa mzima saa 12 jioni hajatupa ahadi yoyote ya saa 6 usiku.

Nitoe mfano, na hospitali yenyewe siitaji. Aliletwa kwetu kijana wa miaka ishirini na kitu, dereva wa bodaboda. Faili lake lilikuwa na chati nzuri, yenye mstari wa kila saa. Saa 12 jioni: fahamu 14 kati ya 15, mboni sawa, kichwa kinauma, ametapika mara moja. Saa 12 asubuhi: fahamu 6, mboni ya kulia imepanuka, haijibu mwanga. Kati ya mistari hiyo miwili hapakuwa na chochote, hata doa la kalamu.

Yaliyotokea katikati nilisimuliwa na mama yake, aliyelala kwenye kanga sakafuni kando ya kitanda. Saa 4 usiku mwanawe alimwita kwa jina la dada yake. Saa 6 alikuwa hajibu tena, anavuta mkono tu akiguswa. Kuanzia saa 8 alikoroma kwa nguvu, na jirani wa kitanda cha pili akamwambia mama amshukuru Mungu, mtoto amepata usingizi. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wodi nzima. Mama alimwita mara mbili. Mara ya kwanza alikuja akamfunika mgonjwa vizuri, mara ya pili alikuwa ameshika mgonjwa mwingine anayetoka damu. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji kwa mama mjamzito, na baada yake hapakuwa na jina jingine la kupigiwa.

Simlaumu muuguzi yule. Nimefanya zamu za namna hiyo na najua mtu mmoja anaweza kiasi gani. Lakini angalieni kilichokuwapo usiku ule: kuchanganyikiwa saa 4, kutojibu saa 6, mkoromo saa 8. Dalili zote zilipita mbele ya mtu aliyekuwa macho, na mtu huyo alikuwa mama asiyejua kwamba mkoromo ule ni ulimi uliolegea ukaangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Hewa ikizibwa, kaboni dayoksaidi hurundikana kwenye damu, mishipa ya ubongo hutanuka, damu huongezeka ndani ya fuvu lisilo na nafasi, na shinikizo hupanda juu ya lile lililokuwapo. Mkono wa muuguzi kwenye taya, ukiisukuma mbele, hufungua njia hiyo kwa sekunde chache. Kijana alipasuliwa na hakufa. Aliondoka wodini kwetu kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kushoto hauinuki.

Najua jibu mtakalokuwa nalo, kwa sababu nimelisikia vikaoni: hatuna CT, hatuna daktari wa upasuaji wa ubongo, hatuna kifaa cha kupima shinikizo lenyewe. Ni kweli. Lakini mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bolivia na Ecuador, nchi zenye shida zinazofanana na zetu, kwa wagonjwa 324 wenye majeraha makali ya kichwa. Nusu yao waliwekewa kifaa cha kupima shinikizo ndani ya fuvu. Nusu nyingine walitibiwa kwa kufuata picha za CT na uchunguzi wa mwili unaorudiwarudiwa. Baada ya miezi 6 hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Sisemi kifaa hakina kazi, na wagonjwa wale wote walikuwa katika vyumba vya mahututi, si katika wodi ya watu arobaini. Ninachosema ni kwamba jicho na mkono wa mtu anayerudi kitandani kila saa ni kipimo halali, na kipimo hicho mnacho tayari kwenye orodha ya mishahara.

Kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho wodini tunakiita GCS, kilitolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett ili watu wa zamu tofauti waandike kitu kimoja wanapomwona mgonjwa mmoja. Macho alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6. Alama ziandikwe kila moja peke yake. Jumla ya 9 pekee hainiambii kitu: anaweza kuwa mtu anayefuata maagizo lakini hafumbui macho wala haongei kwa maana, au mtu anayefumbua macho na kukunja mkono ovyo akibanwa. Na namna ya kumbana nayo ina adabu yake. Msuli wa bega ukishikwa kati ya kidole gumba na vidole viwili unatosha. Kusugua kifua kwa ngumi mpaka ngozi inachubuka ni kumjeruhi mgonjwa mara ya pili, na ndugu zake wanatazama.

Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa aliyelazwa kwa jeraha la kichwa apimwe kila nusu saa mpaka fahamu ifike 15. Ikishafika, nusu saa kwa nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4 zinazofuata, kisha kila saa 2. Akibadilika, ratiba inarudi mwanzo. Mtasema kwa wodi zetu hiyo ni ndoto. Kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini waliotawanyika wodi nzima ni ndoto kweli, na ndiyo maana chati nyingine huja zimejazwa zote kwa mkono mmoja na wino mmoja, 15, 15, 15, zilizoandikwa alfajiri kabla ya kukabidhiana zamu. Wauguzi Wafawidhi mnazijua chati hizo. Msizipokee. Wala msimwadhibu aliyeziandika kabla hamjapanga upya vitanda. Wagonjwa wa kichwa wakusanyweni vitanda vinne vilivyo karibu na meza ya muuguzi, mahali ambapo taa haizimwi, na zamu ya usiku iwe na muuguzi mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwa vitanda hivyo. Kwa mkono uliozoea, kumpima mgonjwa mmoja ni dakika tano.

Mboni zina ugumu wake kwetu ambao vitabu vya ng'ambo havigusii sana. Macho ya wagonjwa wetu ni meusi au ya kahawia iliyokolea, na chini ya taa hafifu ukingo wa mboni haumulikiki vizuri. Wengi hutumia tochi ya simu; ni afadhali kuliko kukisia, ila mwanga wake hutawanyika na humulika macho yote mawili kwa pamoja. Tochi ndogo ya kalamu, inayoletwa kutoka pembeni ya uso na kuingia jichoni ghafla, ndiyo inayoonyesha kama mboni imesinyaa haraka, polepole, au haikusogea. Kama kope zinaanza kuvimba, zifumbuliwe na mboni ziandikwe mgonjwa anapofika, maana baada ya saa chache jicho halitafunguka. Ndugu waulizwe kama amewahi kupasuliwa mtoto wa jicho. Mboni moja inayopanuka kwa mgonjwa ambaye fahamu inashuka ni neva ya tatu inayogandamizwa na ubongo uliosukumwa, na kuanzia hapo muda uliobaki ni wa dakika, si wa kusubiri raundi ya asubuhi.

Sasa nije kwenye presha, na hapa nazungumza na madaktari moja kwa moja. Nimepokea faili lenye presha 190 kwa 80, mapigo 50, na chini yake dawa ya kushusha presha imeandikwa na kutolewa. Damu inayofika kwenye ubongo inasukumwa na wastani wa presha ya mishipa ukitoa shinikizo la ndani ya fuvu. Wastani ukiwa 90 na shinikizo 10, ubongo unapata 80. Shinikizo likifika 40, ubongo unabaki na 50, wakati unahitaji 60 hadi 70. Mwili hulijua hilo na hupandisha presha kwa nguvu ili damu ipite. Presha inayopanda, mapigo yanayopungua na pumzi zisizo na mpangilio ni dalili tatu alizozieleza Harvey Cushing wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na zikifika zote tatu tumeshachelewa. Ukiishusha presha hiyo bila kushughulikia shinikizo, umekata damu iliyokuwa imebaki. Muuguzi anayekataa kutoa dawa hiyo hadi aongee na daktari anastahili kusikilizwa.

Upande wa pili ni mbaya vilevile. Presha ya juu ikianguka chini ya 90 hata mara moja, hatari ya kufa hupanda sana. Mwongozo wa kimataifa niliokwisha kuutaja unataka isipungue 110 kwa mtu wa miaka 15 hadi 49, na 100 kwa wa miaka 50 hadi 69. Kwa hiyo kijana aliyeumia kichwa na huku paja limevunjika anapewa maji na kuzuiwa damu kwanza. Maji yenyewe yawe ya chumvi. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 haimfai labda kama sukari yake imeshuka, kwa sababu mwili huitumia sukari hiyo na kubakiza maji matupu, nayo huingia kwenye ubongo uliovimba. Na steroidi kwa jeraha la kichwa ziachwe kabisa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2004, wenye wagonjwa 10,008, uliona waliopewa walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili dhidi ya asilimia 17.9 ya wasiopewa. Uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo ni habari nyingine.

Kitanda. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, shingo na pua vitazame mbele, kwa sababu vena za shingo ndizo mlango wa damu kutoka, na zikikunjwa au kubanwa damu hurudi nyuma. Angalieni kola za shingo zilizokazwa mno na bendeji inayoshikilia bomba la hewa ikiwa imezungushwa shingoni. Vitanda vyenu vingi havina alama ya nyuzi, lakini hesabu yake ni rahisi: ncha ya juu ya kipande kinachoinuka iwe juu kwa nusu ya urefu wa kipande chenyewe. Kama kipande ni sentimita 80, ncha iinuke 40. Kipande kisichoinuka kiwekewe godoro lililokunjwa chini ya mgongo wote, kuanzia kiunoni. Mito miwili chini ya kichwa peke yake hukunja shingo, na hiyo ndiyo ndugu huipenda, kwa hiyo waelezwe kwa upole na kwa sababu. Anayeshukiwa kuvunjika uti hakunjwi kiuno. Matofali huwekwa chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa ili mwili mzima ulale kwa mteremko.

Kazi nyingine ni ndogondogo na hazipo kwenye orodha ya dawa. Kunyonya makohozi kusizidi sekunde 10 kwa mara moja, oksijeni ikiongezwa kabla. Kuogesha, kubadilisha shuka, kugeuza na kufunga kidonda visifanywe vyote kwa mkupuo, maana kila kimoja hupandisha shinikizo na ubongo unahitaji kupumzika katikati. Homa ishushwe. Choo kisiachwe kikawa kigumu, asije akajikamua. Uji usipite mdomoni kwa mtu asiye na fahamu kamili, hata mama akilia kwamba mwanawe ana njaa.

Yuko pia mgonjwa anayehangaika, anayevua nguo na kung'oa dripu, ambaye saa 9 usiku huwa kero ya wodi nzima. Mara nyingi hufungwa mikono kwenye kitanda au huchomwa sindano ya usingizi ili atulie. Kamba humfanya apambane, na kupambana hupandisha shinikizo. Sindano humtuliza, lakini asubuhi hakuna anayejua kama amelala au ubongo umegandamizwa. Nimewafundisha wauguzi wapya kuanza na mambo manne kabla ya yote: oksijeni ipoje, kibofu kimejaa, sukari ni ngapi, kinachomuuma ni nini. Inashangaza ni wangapi wanaotulia mrija wa mkojo ukifunguka tu. Asiyetulia kwa hayo, kuhangaika kwake ni kubadilika kwa fahamu, na daktari aitwe.

Manitoli mnayo wengi, na inaharibiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuiachia idondoke kwa muda wa saa tano kama maji ya kawaida. Dozi ni robo gramu hadi gramu moja kwa kilo, na inapaswa kuingia ndani ya dakika 15 hadi 20 ili ivute maji kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu wa kilo 70, gramu 70 ni mililita 350 za chupa ya asilimia 20. Ya pili ni chembechembe. Katika hospitali za Makete, Njombe au Lushoto, mwezi wa Julai, chupa iliyokaa stoo huganda fuwele kama za sukari. Itumbukizwe kwenye maji ya moto, itikiswe mpaka fuwele ziyeyuke zote, iachwe ipoe hadi joto la mwili, kisha ipitishwe kwenye mpira wenye chujio. Mgonjwa awe na mrija wa mkojo, na presha yake isiwe chini, kwa sababu dawa hii hukausha mwili wote. Itatupa nafasi ya saa chache tu. Itolewe huku simu ya rufaa ikipigwa.

Wodi ya watoto nayo msiisahau. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani anaweza kuwa na shinikizo lilelile. Kwa wasioweza kuongea tuna kipimo cha Blantyre, kilichotoka Malawi mwaka 1989, chenye alama 0 hadi 5. Hukohuko Blantyre, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, picha za sumaku zilionyesha kuwa kati ya watoto 25 waliokufa kwa malaria ya ubongo, 21 walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo tangu walipolazwa. Manitoli haijaonyesha faida kwa watoto hao. Kinachobaki ni uuguzi: njia ya hewa, sukari, degedege kuzuiwa mapema, utosi kuguswa kila zamu kwa mtoto mchanga, na mtu anayerudi kutazama.

Nimefika kwenye jambo linalohitaji sahihi yenu. Muuguzi anayeona fahamu imeshuka leo hupiga simu akianza na samahani. Nimesikia majibu anayopewa: unaniamshia hili, mpe dripu, nitakuja asubuhi. Akishajibiwa hivyo mara moja, wiki inayofuata atasubiri hadi awe na uhakika, na uhakika kwa mgonjwa wa kichwa ni mboni iliyopanuka. Wekeni waraka ukutani, wenye sahihi ya Mganga Mfawidhi, unaosema hivi kwa maneno ya kwenu: alama ya fahamu ikishuka kwa 1 na kubaki chini kwa nusu saa, hasa ya mwendo wa viungo, au ikishuka kwa 2 au zaidi kwa ghafla, au mboni zisipolingana, au kutapika na maumivu ya kichwa vikizidi, muuguzi anamwita daktari wa zamu. Asipopatikana ndani ya dakika 15, anamwita wa pili. Asipopatikana, anampigia Mfawidhi mwenyewe. Saa ya kila simu inaandikwa kwenye faili pamoja na jibu lililotolewa. Kama kuna muuguzi mwingine karibu, athibitishe kipimo. Kama hayupo, simu isicheleweshwe.

Na simu yenyewe ifundishwe. "Daktari, mgonjwa wa kitanda namba 3 fahamu imeshuka kutoka 14 hadi 11 ndani ya saa moja, mboni ya kulia imekuwa kubwa kuliko ya kushoto, presha 160 kwa 80, mapigo 58. Nimeinua kichwa, nimeweka oksijeni, naomba uje sasa." Sekunde ishirini. Hakuna daktari anayeweza kusema hakuelewa.

Rufaa pia ianzie hapo, badala ya kusubiri kikao cha asubuhi. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na mgonjwa huyu hawezi kusafiri njia hiyo akiwa na dereva na ndugu tu. Muuguzi apande naye, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na mtungi wa oksijeni uliopimwa kwamba utafika. Ipigieni simu hospitali inayompokea kabla gari halijawashwa. Tumeni ile chati halisi, hata ikiwa na mkunjo na damu. Kwetu sisi, mstari unaoonyesha saa fahamu ilipoanza kushuka una thamani kuliko kurasa tatu za barua ya rufaa, kwa sababu daktari wa upasuaji huutazama huo kwanza anapoamua nani aingie chumba cha upasuaji sasa hivi.

Ndugu wa mgonjwa wapo pale usiku kucha, na mara nyingi hawalali. Muuguzi awape kazi: akikuita jina lisilo lako, akikoroma, akitapika, akiacha kukujibu, njoo uniite hata nikiwa nimekaa. Mama wa yule kijana angeifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote kati yetu.

Kama mwezi huu mnaweza kufanya kimoja tu, fanyeni waraka wa simu, kwa kuwa unagharimu karatasi moja. Kisha vitanda vinne. Kisha tochi, chati na mafunzo, ambayo nipo tayari kuja kuyatoa siku nisizokuwa zamu, katika hospitali yoyote itakayoniita, iwe ya Serikali au ya dini.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, wodi ya majeruhi wa kichwa